Sanrufu ya pikapu: watoto wameigeuza jukwaa, mvua inaingia, na harusi imekaribia. Naomba ushauri

Mzee wa Kihonda

Wakuu habari za jioni.

Nimechukua dabo kabini ya mtumba toka Uingereza, mwezi wa tatu sasa. Gari limetulia, siti za ngozi, na juu lina sanrufu, kile kioo cha paa kinachofunguka kwa swichi. Ukweli sikuitafuta. Mimi nilitaka bodi ya kubebea mbolea na mahindi, sanrufu ilikuja humo humo. Lakini nyumbani ndiyo imekuwa gumzo kuliko gari lenyewe.

Nina mambo matatu.

Jumamosi nilipaki nje ya duka, nikawaacha watoto ndani na ufunguo kwenye swichi ili wasikilize redio. Mdogo, miaka mitano, akapanda juu ya siti akatoa mkono nje. Mkubwa wa miaka tisa akabonyeza. Kioo kikaja kikambana hapa juu ya kiwiko, akapiga yowe mpaka muuza chipsi akaacha karai lake akaja mbio. Kaka yake alipobonyeza upande mwingine ndipo mkono ukatoka. Hakuvunjika, ila alama ilikaa siku mbili. Sasa muuzaji alinihakikishia hivi vioo vikigusa kitu vinarudi vyenyewe. Mbona hiki hakikurudi?

La pili, masika haya maji yanadondoka kwenye taa ya ndani, na kapeti upande wa abiria limelowa. Gari linanuka kama gunia la dagaa. Fundi niliyempelekea kasema tupige silikoni kuzunguka kioo chote yaishe.

La tatu ndilo linaninyima usingizi. Shemeji yangu anaoa, wiki ya pili baada ya Pasaka. Kamati imeshapanga gari langu libebe mpiga video, asimame kwenye sanrufu toka kanisani hadi ukumbini, kama kilomita sita, na watoto wasimame naye wakipunga vitambaa. Nimekataa, nimeitwa mchoyo. Niko sahihi au roho mbaya tu?

Kitabu cha gari hakikuja. Natanguliza shukrani.

Nyundo Kavu

Umenunua gari lenye dirisha la kuhesabia nyota halafu unalia nyota zinakudondokea. Nakaa hapa na kahawa yangu, wataalamu wanakuja.

Fundi Mwanzi

Pole na mtoto, mkuu. Nimefanya umeme wa magari miaka mingi, ngoja nikueleze hilo la kwanza.

Muuzaji hakudanganya, alisema nusu. Mota ya sanrufu ina kompyuta yake ndogo inayokumbuka kioo kiko wapi na inatumia nguvu kiasi gani kukisukuma. Ikikutana na kitu kinachokaza mahali ambapo hapakupaswa kukaza, inarudisha kioo. Kanuni zinazofuatwa Ulaya zinataka kioo kinachojifunga chenyewe kirudi kabla hakijakandamiza kwa nguvu inayozidi newtoni 100. Hiyo ni kama kumwekea mtu mzigo wa kilo kumi. Kwa mkono wako si kitu, kwa mkono wa mtoto wa miaka mitano ni kitu.

Shida ni kwamba betri ikichomolewa au ikifa kabisa, kwenye magari mengi mota inasahau. Gari lako limekaa melini na bandarini wiki kadhaa, na mara nyingi betri inafika imekufa au inabadilishwa hapa hapa. Angalia hivi: ukigusa swichi mara moja, kioo kinafunga hadi mwisho, au kinasogea kidogo kinasimama mpaka ushikilie? Kikisimama, ujue kimesahau, na hapo hata kujirudisha usikutegemee. Na kwenye baadhi ya magari, kushikilia swichi ni sawa na kuliambia gari "lazimisha", litafunga hata likikuta kitu. Mtoto habonyezi na kuachia. Mtoto anashikilia.

Kufundisha upya si kazi ya kulipia pesa. Magari mengi unafunga kioo mpaka mwisho, unaendelea kushikilia swichi sekunde kumi au zaidi mpaka kioo kitikisike kidogo, halafu unaachia. Ila kila modeli ina namna yake, kwa hiyo ingia tovuti ya mtengenezaji upande wa Uingereza, vitabu vya gari huwa wanaweka bure. Ukimaliza pima kwa karatasi ya chooni, ile roli nzima. Iweke njiani, gusa swichi, uone. Usipime kwa mkono, hata wako.

Mama Pacha

Kaka, samahani, mimi sanrufu siijui. Ninachouliza ni hiki: watoto wawili peke yao, mlango umefungwa, ufunguo kwenye swichi, Morogoro, mchana?

Gari lililopaki juani linapanda kama digrii 10 ndani ya dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kama tunavyodhani. Mtoto mdogo mwili wake unapata joto haraka kuliko wetu. Hiyo redio wataisikiliza nyumbani.

Halafu usijidanganye na kile kitufe cha kufunga vioo kilichoko mlango wa dereva. Kwenye gari letu kinazima vioo vya nyuma tu. Swichi ya sanrufu iko juu katikati, pale pale mtoto akisimama kati ya siti mbili inamgusa paji la uso. Nilijaribu mwenyewe baada ya kusoma uzi huu, nikashangaa. Milango ya nyuma nayo ina kidude kidogo pembeni, unakiona mlango ukiwa wazi. Ukikishusha, mtoto hawezi kufungua kutoka ndani. Na huyo wa miaka mitano ana kiti chake au anakalia mto wa sebuleni?

Mzee wa Kihonda

Dada umenipiga panapouma. Anakaa mbele, amepakatwa na mama yake.

Mama Pacha

Mungu wangu.

Mbele hapo kuna mfuko wa hewa. Ukilipuka unajaa kabla hujapepesa jicho, na aliyepakatwa anakuwa katikati ya mfuko na kifua cha mama. Mrudishe nyuma leo. Kwa umri huo anahitaji kile kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite begani na nyongani, usipite shingoni na tumboni. Na kama mna kichanga cha kiti kinachotazama nyuma, hicho hakikai mbele kabisa mfuko wa hewa ukiwa unafanya kazi. Soma picha iliyobandikwa kwenye kizuia jua cha abiria, imechorwa kwa ajili yetu tusiosoma vitabu.

Fundi Mwanzi

Naongezea kwa Mama Pacha. Dabo kabini nyingi ile nanga ya mkanda wa juu wa kiti cha mtoto haionekani, imejificha nyuma ya egemeo la siti ya nyuma. Vuta egemeo mbele utaikuta. Nimeona watu wakifunga mkanda ule kwenye ndoano ya kushikia jeki. Na hilo jeki lenyewe, spana na kamba vilivyotupwa chini ya siti, vifungwe. Gari likigonga, jeki haliulizi nani yuko mbele.

Sasa maji. Huyo wa silikoni mwambie asante kwa ushauri. Sanrufu haikutengenezwa izuie maji yote. Mpira unazuia mengi, yanayopita yanaangukia kwenye mfereji unaozunguka kioo, na kila kona kuna mpira mwembamba kama bomba unaoyashusha nje. Ya mbele inapita ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma inashuka nyuma ya kabini. Ukiona maji ndani, mara nyingi umeziba mmojawapo. Vumbi letu likichanganyika na majani ni saruji. Silikoni utaficha ugonjwa, na siku ukitaka kufungua utachana mpira.

Fungua kioo, mwagia nusu kikombe cha maji taratibu kona moja, chungulia chini ya gari kama yanatoka. Kona isiyotoa ndiyo hiyo. Chukua uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ingiza taratibu. Kompresa ya gereji usiweke kwa nguvu zote, utachomoa mpira kwenye kiungo chake ndani ya paa na hapo kazi ni kushusha paa zima la ndani. Na ikifika huko, tafuta mtu anayejua: kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, mfuko umekunjwa humo humo kando ya paa. Betri ichomolewe kwanza, isubiri dakika kadhaa. Kisha ukumbuke kuifundisha sanrufu upya.

Swali moja: kapeti linalowa hata siku za jua ukiwasha AC? Kama ndiyo, huo ni mpira wa AC, si sanrufu.

Dereva wa Tanzam

Nije kwenye harusi, maana wengine mmeikwepa.

Msafara wa harusi hautembei pole pole kama mnavyoambiana kwenye kamati. Kuna kukimbizana, kuna honi, kuna bodaboda za kukodi zinazokata mbele. Kwa kilomita 40 kwa saa gari linakula mita 11 kila sekunde. Ukikanyaga breki, wote waliofunga mkanda wanabaki. Aliyesimama hana mkanda, ukingo wa paa unamkuta mbavuni, mtoto unamkuta shingoni. Na hapo sijataja matawi na waya za umeme zilizolegea mitaani. Niliwahi kuwa nyuma ya msafara, mpiga video anarekodi akitazama nyuma, tawi la mkorosho likamfagia kamera. Kamera ilipita kwenye kioo changu. Yeye alipona kwa kuwa alikuwa mfupi.

Jambo jingine ambalo hujaliuliza. Gari la Uingereza, spidi mita yake inasoma maili. Zile namba kubwa ni maili, kilomita ni zile ndogo za ndani, kama zipo. Kwenye hamsini zetu mshale wako unatakiwa uwe thelathini na kidogo. Ukiweka 50 hapo uko 80, na jamaa wa tochi hana habari kwamba gari lako ni la kizungu.

Na ukipita Mikumi, ile barabara inakata hifadhi katikati kama kilomita 50. Funga sanrufu. Nyani wa pale wanajua gari lililosimama maana yake ndizi.

Nyundo Kavu

Hili la nyani naliunga mkono. Lilimkuta jirani yangu. Mkate, chapati na miwani.

Pwani Huru

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu pia mchezo ni huo huo, bibi harusi nusu yuko nje utadhani anagombea ubunge. Sisi tulipatana na mpiga picha hivi: akae gari la mbele, siti ya nyuma, amejifunga, apige kupitia kioo. Zile picha za kusimama kwenye sanrufu zikapigwa uwanjani kwa ukumbi, gari limezimwa, ufunguo mfukoni mwa mwenye gari. Picha zikatoka nzuri kuliko za barabarani kwa sababu hazikutikisika. Mwambie shemeji hivyo, usimwambie habari za kifo, ni harusi.

Na barabara ya vumbi usifungue sanrufu hata kidogo. Hewa ikifyonzwa juu, vumbi linavutwa ndani kupitia mianya ya nyuma. Funga vyote, AC ivute hewa ya nje ili kabini ijae hewa. Ukiwa nyuma ya lori ndipo uweke ya kuzunguka ndani.

Mkusanya Vyuma

La haraka kuhusu mifuko ya hewa. Mtumba wowote, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurudishwa kurekebishwa. Ile mifuko ya Takata, kampuni ya Japani, ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Januari 2018 huko Amerika Kaskazini Ford iliwaambia wenye pikapu za Ranger karibu 2,900 za 2006 wasiziendeshe kabisa. Joto na unyevu ndivyo tulivyo navyo sisi. Kuangalia ni bure.

Mzee wa Kihonda

Wakuu nimerudi.

Namba ya chesisi nimeingiza, haidaiwi kitu. Kioo kweli kilikuwa kinasogea hatua hatua. Kitabu nimekipata mtandaoni, nikashikilia swichi mpaka kikatikisika. Nikapima na roli ya karatasi: kimegusa, kimerudi. Nikajaribu tena kwa kushikilia swichi, kikaikunja roli kama chapati. Nimemuita yule mkubwa nikamwonyesha. Hakusema kitu, aliiokota akaiangalia tu. Ufunguo sasa nashuka nao.

Kapeti siku za jua ni kavu, kwa hiyo si AC. Kona ya mbele kushoto ndiyo ilikuwa haitoi maji. Uzi wa nailoni ulitoka na tope na kipande cha kiota cha nyigu, wale wa udongo. Kwa siku tatu hizi za mvua hakuna tone. Harufu bado ipo, nimeanika kapeti.

Mdogo amehamia nyuma, kiti nimekipata cha mtumba, nanga ilikuwa nyuma ya egemeo kama fundi alivyosema. Ananuna kwa sababu haoni barabara vizuri.

Harusi: nimepeleka wazo la Pwani Huru. Shemeji kakubali, mpiga video kakubali haraka sana, nadhani hata yeye alikuwa anaogopa. Mama mkwe ndiye bado. Anasema yeye hakutaka video, alitaka kusimama mwenyewe.

Nyundo Kavu

Mpe uwanja wa ukumbi, gari limezimwa. Na mtafutie stuli ya kupandia.