Huyu ni mtoto wa jodari au sehewa? Nahitaji jibu kabla ya jioni

Mwana wa Likoni: Assalaam aleikum. Leo tumerambaza nje ya mwamba wa Nyali kwa chambo cha manyoya, tukapata samaki mwenye mgongo wa buluu na michirizi ya kupinda. Wenzangu wanasema mtoto wa jodari. Nataka kumjua kabla sijampika.

Mzee Ndoana: Mgeuze. Kati ya pezi la ubavuni na la tumboni mna madoa meusi machache? Ni sehewa huyo. Na mapezi ya mgongoni yawe yamekaribiana. Yakiachana sana, ni jamii nyingine.

Mwana wa Likoni: Madoa yapo.

Baharia wa Mtwapa: Mkiona ndege wanapiga mbizi, zungukeni kundi. Mkilipita katikati, samaki wanazama. Mimi Kaskazi iliyopita niliwafuata mpaka mafuta yakaniishia!

Mama Kisauni: Marehemu baba akimpika kwa ukwaju. Vijana wa siku hizi mwajua kukaanga tu.

Binti Tudor: Kaka, amevuliwa saa ngapi, na kawekwa wapi?

Mwana wa Likoni: Kwani yahusu?

Binti Tudor: Yahusu sana.

Mwana wa Likoni: Alfajiri. Barafu hatukubeba, tulimfunika gunia bichi. Lakini hanuki, macho yang'aa, nitamtia ndimu nimkaange akauke. Wakwe nishawaalika.

Binti Tudor: Jamii ya jodari, sehewa akiwemo, ikikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini kwenye nyama, na huwezi kuijua kwa kunusa. Moto hauiondoi, ndimu haiiondoi. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Nimemuuguza mtu kwa hilo. Mtupe.

Mwana wa Likoni: Tangu utotoni twala samaki wa jioni, hakuna aliyeugua.

Kijana wa Kibokoni: Hadithi ya kutunga hii. Kusi limekaza hivi, nani katoka nje ya mwamba? Picha iko wapi?

Mzee Ndoana: Asubuhi bahari ilikuwa shwari, mimi mwenyewe niliiona.

Kijana wa Kibokoni: Basi picha!

Mwana wa Likoni: Simu imeingia maji.

Kijana wa Kibokoni: Nilijua.

Binti Tudor: Awe kweli au wa kutunga, wakwe wasile. Pita Kongowea ununue kuku.

Mwana wa Likoni: Mke wangu keshakuna nazi.

Mama Kisauni: Kuku wa kupaka basi. Nazi haipotei.