Naomba ushauri: likizo ya kutalii Tanga, mji nilikozaliwa

Mwana Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, kazi ndiyo imenipeleka Dodoma. Mwezi ujao nakuja nyumbani wiki moja na mke wangu, mtu wa Iringa, pamoja na watoto. Juzi kaniuliza, "Hivi kwenu kuna nini cha kuona?" Nikamjibu bahari. "Na ukitoa bahari?" Nikabaki namtazama.

Mapango ya Amboni nilipelekwa na shule nikiwa mdogo, nakumbuka popo tu. Magofu ya Tongoni sijafika kabisa. Shida yangu ni kwamba nikishatua nyumbani sitoki tena: asubuhi kuamkia wazee, mchana msiba barabara ya nane, jioni shangazi kanituma nazi. Likizo imekwisha. Nifanyeje niutembee mji kama mgeni bila kuonekana nawakimbia ndugu? Na mfuko wangu si wa kizungu, tafadhali.

Kigoda
Utatalii vipi mahali ambapo kila dereva wa bajaji anamjua mama yako? Wapeleke watoto Ngorongoro, acha mzaha.

Binti wa Kidigo
Achana na Kigoda. Amboni panda gari za njia ya Horohoro, shuka Kiomoni, malizia na bodaboda. Vaeni viatu vinavyoshika maana ndani kunateleza, na beba tochi ya kweli, hii ya simu haifui dafu mle. Utaambiwa kuna njia inatokea Kilimanjaro. Usibishane na muongozaji, watoto watalala na hadithi hiyo mwezi mzima. Ila wakanye mapema: kuna watu bado wanakwenda kutambika pale, vitu vilivyoachwa havishikwi.

Mzee wa Bandari
Mwanangu, huna haja ya nauli. Anzia Raskazone alfajiri, tembea kwa mguu kuelekea mjini. Hiyo ndiyo njia ya jeshi la Waingereza Novemba 1914. Walishuka na askari kama 8,000, wengi Wahindi, dhidi ya watu kama 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, na bado wakarudishwa majini. Nyuki walivamia pande zote mbili bila kuchagua, ndiyo maana mpaka leo vinaitwa vita vya nyuki. Ukishafika mjini ingia makumbusho ya Urithi kwenye boma la Wajerumani uone picha za zamani. Halafu stesheni: reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Sisi tunaipita kila siku tunakwenda kununua dagaa.

Mama Wawili
Naona mnamtajia sehemu, yeye kauliza habari za ndugu. Kaka, siku ya kwanza wape yote. Zunguka nyumba zote na sukari yako na majani ya chai, kaa, kula, sikiliza. Usiku tangaza mbele ya mkubwa wa nyumba: "Kesho nawatembeza watoto." Ukishasema mbele yake hakuna wa kukutuma. Kinachoudhi watu ni kuondoka kimyakimya.

Na shangazi mchukue. Wangu nilimbeba Tongoni kwa kuogopa lawama tu. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe, mengine yalikuwa na minara, mingi imeanguka. Sisi tulikuwa tunapiga picha, yeye akasimama akasoma dua, kisha akaanza kututajia ukoo wa bibi yake mzaa baba, watu ambao sijawahi kuwasikia. Hakuna muongozaji angenipa hayo.

Kigoda
Shangazi atataka kurudi saa sita akapike.

Mama Wawili
Basi mnarudi saa sita, mnakula wali wa nazi bure. Hasara iko wapi?

Mwana Ngamiani
Dada, hili la kutangaza mbele ya mkubwa sikuwa nimelifikiria. Asante sana. Mke wangu anapenda mashairi, kaburi la Shaaban Robert liko upande upi? Na kisiwa cha Toten naweza kwenda na watoto?

Binti wa Kidigo
Kaburi liko Machui, kusini mwa mji, alizikwa 1962. Unganisha na Tongoni siku moja. Ukifika kijijini piga hodi kwanza, usiende makaburini moja kwa moja na kamera. Toten patana bei ya kwenda NA kurudi kabla hujapanda mashua, la sivyo utapatana tena ukiwa kisiwani. Watoto wavae maboya, na muulize mvuvi maji yanakupwa saa ngapi.

Mwana Ngamiani
Nimeelewa. Jumatatu ndugu, Jumanne Raskazone kwa miguu, Jumatano Machui na Tongoni pamoja na shangazi. Amboni Alhamisi. Toten tutaona upepo.

Kigoda
Hiyo Jumatano gari lina nafasi? Tongoni hata mimi sijafika.

Mwana Ngamiani
Nafasi ipo. Mafuta tunachangia, na utakaa nyuma na watoto.