Naomba ushauri: mvuke wa sigara ya kielektroniki ndani ya nyumba
Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu anavuta sigara ya kielektroniki sebuleni, anadai ni mvuke tu, hauna neno. Mbona basi kioo cha dirisha kina utando wa mafutamafuta, ukipitisha kidole kinaacha mchirizi? Kile kimiminika kina gliserini na nikotini, na nikotini hutua ukutani, kwenye mapazia na zulia. Mwanangu anatambaa humohumo, kila akiokotacho mdomoni.

Mwaka 2019 huko Marekani watu waliovuta sigara za kielektroniki walilazwa, wengine wakafa, mapafu yameharibika; wengi walivuta mafuta ya bangi yenye vitamini E asetati (kemikali ya kuzimulia mafuta hayo). Ya mdogo wangu si hayo, lakini kikohozi hakimwachi. Akapimwe nini? Na utando huo, maji ya moto na sabuni yanatosha?