Kitako cha gobori kimepasuka: Araldite, gundi nyeupe au supagluu?

Mjukuu wa Langoni: Assalaam aleikum. Nina gobori la marehemu babu, mtutu umezibwa zamani, sasa ni pambo la ukutani. Juzi lilianguka, kitako kikapasuka shingoni, pale penye wembamba. Ufa umefuata nyuzi za mti. Nichukue gundi ipi?

Fundi Mkomani: Wa aleikum salaam. Supagluu iache. Inashika kabla hujavipatanisha vipande, na ikikauka haistahimili kishindo. Nyeupe ni nzuri pande zikikutana barabara, lakini haizibi pengo, na ile ya kawaida hulainika kwa maji na joto. Mimi ningetia Araldite, gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, ile ya polepole. Ya dakika tano huganda kabla haijapenya ndani ya ufa.

Bint Shela: Kwanza, lilikuwa likipakwa mafuta?

Mjukuu wa Langoni: Bibi alilipaka ya nazi kila Idi, miaka nenda miaka rudi.

Bint Shela: Basi kazi iko hapo. Nilibandika mkono wa kiti kwa hiyo hiyo Araldite, wiki mbili ukabanduka: gundi yote upande mmoja, upande wa pili mti mtupu. Mafuta yalikuwa yameshiba ndani. Mara ya pili nilipangusa kwa asetoni, nikibadilisha vitambaa mpaka kimoja kikatoka cheupe. Ikakauka, nikapitisha msasa kidogo, nikabandika siku ile ile. Mwaka wa nne huu, na kinakaliwa. Fanyia nje, mbali na moto!

Fundi Mkomani: Kweli bibie, hilo lilinipita. Kwenye msaji ndivyo tufanyavyo, mti wenyewe una mafuta. Na jiliwa la kubania litateleza kwenye uduara ule wa shingo. Kata mpira wa tyubu uuzungushe kwa nguvu, chini yake utangulize nailoni usigande na gundi.

Mpenda Vyakale: Mimi Araldite siitaki. Kitu cha kutundikwa tu, ya nini kukipa gundi isiyotoka tena? Gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi za wanyama, hulegea kwa maji ya moto, atakayekitengeneza baadaye atakushukuru.

Fundi Mkomani: Kwa unyevu huu wetu, yakhe? Italegea yenyewe, na ukungu juu.

Mpenda Vyakale: Viti vya zamani vingapi vimeshikwa nayo!

Mjukuu wa Langoni: Niko barazani na asetoni. Kitambaa cha nane bado cha manjano, na kila apitaye anauliza nani anatoa rangi ya kucha.