Mlango wa kabati la vifaa umelegea hata sijamaliza kupanga: nibomoe au nirekebishe?

Randa Butu

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijalimaliza hili kabati kwa nyundo.

Mimi si fundi wa kulipwa. Useremala ni kazi yangu ya Jumamosi, na kwa miaka sita vifaa vyangu vimelala kwenye sanduku chini ya meza. Patasi juu ya patasi, msumeno umelalia tupa, ukitaka guni, kile kipimio cha pembe mraba, sharti upakue nusu ya sanduku. Mwezi uliopita nilitumbukiza mkono kutafuta penseli, ukatoka na kidole kilichochanika. Ilikuwa patasi ya mm 19, niliyokuwa nimeinoa asubuhi ile ile. Angalau nilipata uhakika kwamba kunoa najua.

Nikaamua kutengeneza kabati la ukutani. Plaiwudi ya mm 18, kimo sm 90, upana sm 60, kina sm 20, na mlango mmoja ulioundwa kama sanduku jembamba la sm 10 ili nao ubebe vifaa. Mlangoni nikapanga randa zote tatu, misumeno minne na nyundo mbili, maana ndivyo ninavyovishika kila mara. Kesho yake mlango umeshuka mm 8 upande wa kitasa, na skrubu za bawaba ya juu zimeng'oka na unga wa plaiwudi.

Nitafute bawaba kubwa zaidi? Halafu, kabati lenyewe nimelitundika kwa skrubu nne zilizopita kwenye ubao wa mgongoni, plaiwudi ya mm 6. Binti yangu amehamisha kiti chake, anasema hakai chini yake. Ana hoja?

Pimamaji

Ana hoja. Lishushe leo, usingoje Jumamosi. Mm 6 ni ubao wa kuzuia vumbi, haubebi kitu. Vichwa vya skrubu vitapenya kama kisu kwenye papai.

Fundi Mstaafu

Mkuu, pole na kidole. Usibomoe, ila bawaba kubwa hazitakusaidia. Tupige hesabu kwanza.

Mlango wako mtupu una kama kilo 9. Randa tatu, ikiwemo ile ndefu, zinakaribia kilo 7 na nusu. Ongeza misumeno na nyundo, unavuka kilo 20. Uzito huo umekaa katikati ya mlango, yaani sm 30 kutoka kwenye bawaba. Kama bawaba zako zimeachana sm 70, ile ya juu inavutwa kutoka ukingoni kwa nguvu ya kama kilo 9, usiku na mchana, na ukiufungua kwa kishindo ni zaidi. Na skrubu zimeingia wapi? Kwenye ukingo wa plaiwudi, katikati ya matabaka. Hapo skrubu haina cha kung'ata, inayatenganisha tu.

Sasa pasua mlango uwe miwili ya sm 30. Kila mmoja unabeba nusu ya mzigo, na mzigo wenyewe uko sm 15 tu kutoka kwenye bawaba. Ile nguvu ya kung'oa inashuka hadi robo. Hujanunua kitu chochote, umebadilisha umbo tu. Kisha kwenye kingo zote za bawaba gundisha utepe wa mbao ngumu, unene wa sm 2 hivi, skrubu ziingie humo. Ukipata bawaba ndefu ya mstari mzima, kutoka juu hadi chini, ni bora zaidi kwa sababu mzigo unagawanyika kwenye skrubu nyingi.

Kama skrubu zako ni za shaba, toboa njia kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ikate njia ya meno, itoe, ndipo uweke ya shaba ukiwa umeipaka nta. Nimevunja vichwa vya skrubu vya kutosha ujanani, sihitaji wewe urudie.

Randa zitoe mlangoni kabisa. Makao yake ni ndani ya kabati, chini. Weka ubao ulioinama kidogo kuelekea nyuma, randa ziuegemee kwa nyayo zao, na kijiti chembamba chini kizuie zisiteleze. Zinatulia kwa uzito wake zenyewe, huhitaji ndoano. Mlangoni acha vyepesi: misumeno, guni, penseli, bisbisi.

Kutundika: chukua ubao mgumu wa upana wa sm 10, upasue kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu moja ifunge ukutani, ncha kali ikitazama juu na mshazari ukielekea ukuta. Nusu ya pili ifunge mgongoni mwa kabati, juu, imegeuzwa, na iungwe kwenye mbavu zenyewe, isitegemee ule ubao wa mm 6. Unalipandisha kabati, unalishusha, linajikaza kwa uzito wake. Chini ya mgongo weka kipande cha unene ule ule, la sivyo kabati litainamia ukuta kwa chini. Huo mwanya unaobaki nyuma unapitisha hewa pia, na chuma kinaipenda hewa kavu.

Swali moja: kabla ya kukata plaiwudi, ulivipanga vifaa chini ukavipima?

Mama Msumeno

Mimi naona mnajichosha. Ubao mmoja mpana ukutani, misumari na vijiti, kila kitu kinaonekana, hakuna mlango wa kulegea. Nafanya kazi hivyo miaka yote.

Ila la patasi nasisitiza: usizitundike makali nje. Chukua kijiti, toboa matundu, fungua kila tundu kwa mbele ili patasi iingie kwa shingo, kisha pigilia ubao mwembamba mbele ya makali. Na acha nafasi ya kidole kati ya mpini na mpini. Mafundi wengi huzibana ili ziingie nyingi, mwisho unachomoa moja zinatoka tatu.

Fundi Mstaafu

Mama Msumeno, ubao wazi ni mzuri pale ambapo hakuna vumbi la mbao. Vumbi linanyonya unyevu, likilala juu ya chuma ndipo kutu inapoanzia. Lakini hilo la patasi sina la kuongeza, sikiliza neno lake.

Randa Butu

Wakuu, nimerudi. Kabati liko sakafuni tangu juzi.

Fundi, jibu la swali lako ni hapana, sikuvipanga. Nilichora sanduku zuri kwanza, nikadhani vifaa vitajipanga vyenyewe. Jana nimetandika kipande cha boksi chenye vipimo vya ndani vya kabati, nikalaza kila kitu. Aibu ilikuwa pale pale. Patasi ninazo kumi na moja, ninazotumia ni nne. Kekee ya mkono, ile ya kutobolea, ilikaa katikati kama mgeni wa heshima, na sijaigusa tangu niinunue. Msumeno mrefu wenye mpini ni sm 78, unaingia wima kwenye mlango wa sm 30 bila kugombana na mtu.

Nimevisogeza mara tano au sita, mpaka mkono ukawa unafikia kimoja bila kuhamisha kingine. Nimechora mzingo wa kila kifaa kwa penseli. Randa ziko chini, zimelalia ubao kama ulivyosema. Patasi nne ziko mbele, saba zimepelekwa droo ya chini kusubiri kesi zao. Mama Msumeno, nafasi ya kidole nimeiacha, na kidole nilichopimia ni kile kile chenye bandeji.

Binti amekuja, ameangalia boksi, ameuliza gundi ya kwake ya karatasi itakaa wapi. Nimempa kona ya juu mlango wa kushoto.

Jumamosi napasua mlango. Mwenye sababu ya kunizuia aseme kabla ya Ijumaa usiku.