Utafiti wa Beasley kuhusu homa ya ini B: hii hatari ya mara 223 inanihusu vipi?

Mkulima_Kongwa:
Wakuu habari zenu. Nilienda kumchangia damu ndugu yetu, wakanipima, wakasema damu yangu haifai kwa vile nina homa ya ini B, nikapewa karatasi nikaondoka, hakuna aliyekaa na mimi kunielewesha. Nikaanza kusoma mwenyewe mtandaoni nikakutana na kazi ya mtafiti Mmarekani, Palmer Beasley, ilitoka 1981 kwenye jarida la Lancet, kwamba mwenye virusi hivi hatari yake ya saratani ya ini ni mara 223 ya asiye navyo. Tangu siku hiyo usingizi sina. Mwili uko fiti, nalima kama kawaida, wife ana mimba ya miezi sita. Hiyo namba ni ya kweli? Ndo basi tena?

Maabara_Tu:
Pole sana mkuu. Namba ni ya kweli, tena ile ni moja ya kazi kubwa kabisa kwenye magonjwa ya ini, ila angalia imetokea wapi. Walifuatilia wanaume 22,707 kule Taiwan, wafanyakazi wa serikali, 3,454 kati yao wana virusi. Ndani ya miaka mitatu na kitu wakafa 41 kwa saratani ya ini, 40 ni wale wenye virusi na mmoja tu ndo hana. Sasa ukilinganisha na kundi ambalo ugonjwa karibu haupo lazima namba ipae hivyo. Geuza uhesabu upande wako: 40 kati ya 3,454 ni kama mtu mmoja kwa kila 86 kwa kipindi kile chote. Sio ndogo, na umri ukisogea inapanda, lakini sio hukumu ya kifo.

Halafu wale watu walipimwa wakiwa wazima kama wewe ndo wakafuatiliwa, kwa hiyo ubishi wa kwamba labda saratani ndo inaleta virusi uliishia pale. Na enzi hizo hawakuwa na dawa za leo. Wewe nenda kliniki wapime wingi wa virusi na hali ya ini, ultrasaundi kila miezi sita, wakiona unahitaji dawa watakupa tenofovir. Pombe achana nayo kabisa.

Mama_Wawili:
Kaka yangu, mimi nesi wa wazazi na roho yangu iko kwa huyo mjamzito, umeshamwambia? Mwambie leo, akapime. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unavifukuza virusi, ila kichanga akivipata wakati wa kuzaliwa, tisa katika kumi wanabaki navyo maisha. Haohao kina Beasley walionyesha Taiwan kwamba mtoto akichomwa kinga mapema anaokoka, nchi ikaanza chanjo 1984, na 1997 Mei-Hwei Chang na wenzake wakachapisha kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000. Karibu nusu jamani, kwa sindano tu!

Huku kwetu chanjo iko ndani ya zile za wiki ya 6, 10 na 14, ila mama akikutwa nayo mtoto anatakiwa achomwe ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo ulizeni hospitali sasa hivi wajiandae, msisubiri uchungu. Asipokutwa nayo achanjwe, hata na mimba inaruhusiwa.

Ghala_Kavu:
Jina lako linasema Kongwa, huko kwenye kilimo cha karanga, basi angalia na karanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye mazao, peke yake inaleta saratani ya ini, ikikutana na hivyo virusi hatari inazidishana. Anika juu ya turubai sio chini kwenye udongo, chambua zilizosinyaa na zenye ukungu utupe, usizisage ukaziweka kwenye mboga maana moto wa jikoni hauimalizi ile sumu. Mahindi vilevile.

Mkulima_Kongwa:
Asanteni sana, nimeongea naye, kesho asubuhi tunaenda wote. Dada, vipi kula sahani moja na watoto?

Mama_Wawili:
Kuleni tu, haipiti kwenye chakula wala kumbeba mtoto. Wembe na mswaki kila mtu na wake, ukijikata funika kidonda. Na hao watoto wakubwa nendeni nao wapimwe.