Uliyewasha tochi ya simu kimondo kikipita: unajijua, na leo utanisikia!

Wakuu, sijalala, na silali mpaka niseme.

Simtaji. Sote tunamjua. Ni yule yule ambaye tukipanga jambo lolote la usiku lazima aje na mataa kama basi la abiria.

Tulipatana vizuri tu. Vimondo vya Perseidi hufikia kilele usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti, tukasema tukutane baada ya saa sita usiku, tulale chali, simu mfukoni. Niliandika kwa HERUFI KUBWA kwamba jicho linahitaji karibu nusu saa ya giza ndipo lione vitu hafifu, na mwanga mweupe wa sekunde chache tu unaharibu kazi yote hiyo. Akaweka dole gumba. Dole gumba!

Basi tumelala. Macho yamekubali giza, Kilimia kimeshachomoza, unakihesabu nyota moja moja. Halafu kikaja. Sio vile vidogo vya kuchana anga kidogo na kupotea. Likaja dude, la kijani, limeshika nusu ya mbingu, watu wanaguta "yalaaa!" Na sekunde ile ile, PWAA, tochi usoni kwangu.

Alikuwa anatafuta ndala.

NDALA, jamani! Ndala haina miguu, ingekwenda wapi? Si angepapasa kwa kidole? Wenzangu wameona mkia unang'aa angani, mimi nimeona doa la zambarau mpaka alfajiri. Kimondo kile ni chembe iliyotoka kwenye nyotamkia Swift-Tuttle, inayolizunguka jua kwa miaka kama 133, ilipita karibu mara ya mwisho mwaka 1992. Chembe imezurura huko miaka na mikaka, imeingia hewani kwa kilomita 59 kwa sekunde, ikaungua ndani ya kufumba na kufumbua, na mtu anatafuta ndala. Ya kushoto!

Na hajaomba radhi hadi sasa. Yupo humu, anasoma.

Popo Mzee: Punguza povu mkuu. Perseidi zipo mpaka tarehe 24 hivi. Rudi leo ulale tena chali.

Mwenye uzi: Sitaki kingine. Nataka KILE.

Kiwavi Mtulivu: Nilikuwepo. Wallahi kile kimondo kilikuwa kizuri. Mkia ulibaki kidogo, ukawa kama unajikunja hivi…

Mwenye uzi: Nani amekuomba usimulie?

Bi Mizinga: Huyo huyo wa tochi ndiye aliyemponda nyigu mezani wiki iliyopita. Nyigu akipondwa anatoa harufu ya kuita wenzake. Wakaja ukoo mzima. Mimi ndiye niliyeumwa, shavu limevimba, yeye kakimbilia ndani na kufunga mlango!

Popo Mzee: Alifunga mlango mkiwa nje?? 😂😂

Bi Mizinga: Alifunga na KOMEO.

Sisimizi Jeuri: Kwani nyigu wana nini siku hizi? Mwanzo wa kiangazi walikuwa na adabu zao, sasa wanaingia hadi kwenye glasi.

Bi Mizinga: Mwanzoni wanawinda wadudu kuwalisha mabuu, na mabuu wanawalipa kwa mate matamu. Kiangazi kikiishia, mabuu wanapungua, malipo yanakatika. Ndiyo maana wanakuvamia wewe na soda yako.

Sisimizi Jeuri: Yaani wamekosa mshahara, halafu hasira kwangu!

Mwenye uzi: Jamani, huu ni uzi wa TOCHI.

Kiwavi Mtulivu: Mimi kilio changu ni mbayuwayu. Wamejipanga kwenye nyaya wanajiandaa kuhamia kusini, na gari langu liko chini ya nyaya hizo hizo. Halitazamiki.

Popo Mzee: Si ulihamishe?

Kiwavi Mtulivu: Nikilihamishia wapi? Upande wa pili ni mti wenye matunda yaliyooza, nyigu watupu.

Mwenye uzi: Kimondo cha kijani! Nusu ya mbingu! Hakuna anayejali?

Bi Mizinga: Kiwavi, matunda hayo yaokote jioni kukipoa, nyigu wakiwa wametulia. Vaa glavu, na usiende na yule mtu.

Sisimizi Jeuri: Bi Mizinga, na nyigu akiwa ameshaingia kwenye mkebe wa soda nafanyaje? Nimeufunika kwa kitabu, ananguruma humo ndani.